Kwa nini kila tamthilia ina jumba la ghorofa na mama mkwe? Watu wa Tanga, tujadili

Nyuzi za Mkonge (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Nina jambo linaniuma mwezi wa pili huu na nimeona nilitoe hapa kwenu.

Niliandika tamthilia ya vipande 8. Mhusika mkuu ni mwanamke wa pale Deep Sea, pwani ya wavuvi hapa Tanga, anachemsha dagaa na kuanika, ana deni la kikoba, na anataka boti yake mwenyewe badala ya kusubiri mgao wa wanaume. Kipande cha kwanza kinaanza usiku wa mbalamwezi: wanawake wamekaa mchangani na ndoo zao, vyombo vinarudi vimejaa dagaa. Nilizunguka pwani ile miezi saba nikisikiliza watu wanavyosema.

Nikaipeleka Dar kwa kampuni moja inayonunua vipindi, jina naliacha. Wakaipenda. Halafu ikarudi na maelekezo ya kurasa mbili. Ihamie Dar. Mwanamke awe msichana wa kazi kwenye nyumba ya tajiri. Kuwe na mirathi. Kuwe na mama mkwe mkali. Kijana wa tajiri ampende. Dagaa wabaki kipande cha kwanza tu, ili watu waone alikotoka. Na lugha "isafishwe" ieleweke nchi nzima.

Nilikaa wiki nzima mbele ya runinga nikibadilisha chaneli. Za kwetu, za Kenya, za Kituruki, za Kifilipino: ghorofa, ngazi inayopinda, mtu anasikiliza nyuma ya mlango. Swali langu: ni makampuni makubwa yanayotaka kila kitu kifanane ili kiuzike popote, au ni sisi watazamaji tumeyataka haya? Naomba hoja, si matusi.

Barabara ya Tisa

Mwanangu, mimi ni wa enzi ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Mji mmoja huu huu wa Tanga, bendi mbili, na ukipita nje ya ukumbi bila kuona bango unajua nani yuko jukwaani. Gitaa la Jamhuri hulichanganyi na la Atomic hata usingizini. Nenda Dar: NUTA walikuwa na Msondo, Mlimani Park na Sikinde, Western Jazz na Saboso, Vijana na Pambamoto. Bendi isiyo na mtindo wake ilikuwa haijazaliwa.

Juzi mjukuu wangu kanichezea nyimbo sita kwenye simu. Nikamwambia mbona unarudia ule ule? Akasema, "Babu, hawa ni wasanii sita." Chini ya zote sita kuna mdundo mmoja wa Afrika Kusini, amapiano wanauita, juu yake wamebadilisha maneno tu.

Mimi naona kilichobadilika ni mwenye mali. NUTA ilikuwa jumuiya ya wafanyakazi. Urafiki ilikuwa bendi ya kiwanda cha nguo. DDC lilikuwa shirika la jiji. Kila mwenye bendi alitaka watu waje kwake wasiende kwa jirani, kwa hiyo alihitaji kitu ambacho jirani hana. Leo wote wanagombea kuingia kwenye orodha moja ya simu, na orodha ile inapenda kinachofanana na kilichopendwa jana.

Mdau wa Mikocheni

Niko ndani ya kazi hii miaka 11, nanunua vipindi na kukataa vipindi, kwa hiyo nitasema wazi.

Mdogo wangu Nyuzi, hakuna kikao cha siri kinachoamua mfanane. Kuna gharama. Kipande kinalipwa na matangazo ya sabuni, unga na mitandao ya simu. Mwenye sabuni anauza Mwanza, Mbeya, Mtwara na Tanga kwa mpigo. Ana swali moja tu: je, watakaa hadi tangazo liishe? Mirathi na mama mkwe kila kabila linavijua. Halafu jumba la ghorofa nalikodi siku kumi, narekodi vipande ishirini mle ndani, mvua inyeshe isinyeshe. Pwani nitarekodi vipi? Upepo unaingia kwenye maiki, maji yanakupwa na kujaa, mahali ulipopiga picha asubuhi mchana pako chini ya bahari. Siku moja ya pwani ni sawa na siku tatu za ndani.

Na la lugha msikasirike. Kiswahili cha Tanga cha "n'shamwona" na "hwendi" mtu wa Shinyanga anakisikia kama wimbo, maneno hayamshiki. Biashara si sadaka.

Binti Makorora

Hebu rudia. Kiswahili cha Tanga hakieleweki?

Shaaban Robert kazaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909. Huyo mtu wa Shinyanga kafundishwa Kiswahili kwa vitabu vya mtoto wa Tanga, leo Tanga haielewiki? Mnaweka kwenye runinga watu wanaosema "nipo naenda" na "unanisaidiaga", hamwoni tatizo, ila bibi yangu akisema "n'shakwambia" mnataka kumsafisha. Bibi yangu ana uchafu gani?

Chumbageni Kwetu

Umempa, dada. Aje ajibu.

Fundi Redio

Jamani, msiiache mada. Hili ni kubwa kuliko Mikocheni. Angalieni Marekani, ndiko linakoanzia. Disney wamenunua Pixar, wamenunua Marvel, wamenunua wale wa vita vya nyota, wamenunua Fox, wamenunua Warner. Kampuni moja! Halafu unashangaa kila filamu ina mtu anaruka angani na mji unabomoka dakika ya mwisho. Mwenye duka ni mmoja, bidhaa zitatofautiana vipi?

Mwanafunzi Usagara

Kaka Fundi, samahani, Warner si ya Disney. Pixar ni 2006, Marvel 2009, Lucasfilm, hao wa vita vya nyota, 2012, na Fox 2019 kwa dola bilioni 71 hivi. Warner waliangukia mikononi mwa kampuni ya simu ya AT&T mwaka 2018, kisha 2022 wakaunganishwa na Discovery. Ni mlolongo mwingine kabisa.

Fundi Redio

Mdogo wangu, Warner nimekosea, nimekubali. Hoja yangu imeanguka? Haijaanguka. Umenionyesha miaka tu.

Na nitaongeza. Filamu yao moja inagharimu mamilioni ya dola mamia, na lazima ifunguliwe China, Brazil, Uingereza na kwetu karibu siku moja. Sasa mzaha unakufa njiani, maana mzaha unataka lugha. Methali inakufa. Mila inakufa. Ngumi haihitaji mkalimani, mlipuko hauhitaji mkalimani. Kwa hiyo wanabakiza ngumi na mlipuko. Hawafanyi hivyo kwa ubaya, hesabu inawasukuma. Kabla ya hapo picha ilikuwa inatembea polepole, mji mmoja kwanza, watu wasimuliane, ndipo iende mwingine. Ile filamu ya papa ya Spielberg, 1975, ilifunguliwa kwenye majumba zaidi ya 400 kwa mara moja na matangazo ya runinga usiku mfululizo. Tangu hapo biashara ni wikiendi ya kwanza. Na ukitaka wikiendi ya kwanza ijae, uza kitu ambacho mtu anakijua kabla hajakiona.

Mdau wa Mikocheni

Binti Makorora, sikumtukana bibi yako, namheshimu. Lakini usijifanye hujui historia. Kiswahili chenyewe sanifu unachoandikia hapa si cha Tanga. Walikaa Mombasa 1928 wakachagua Kiunguja, 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, vitabu vyote vikapitia kwao. Kimtang'ata chenu kiliachwa. Kimvita, pamoja na mashairi yake yote, kiliachwa. Hapakuwa na sabuni wala kampuni ya filamu. Ilikuwa serikali na wamisionari. Kwa hiyo kufananisha mambo hakukuanza na biashara, na faida yake ni kwamba leo Mdigo na Msukuma wanatukanana hapa bila mkalimani.

Binti Makorora

Mimi si Mdigo, ni Mbondei. Na sikutukana mtu.

Kamati ilichagua ya kuandikia vitabu vya shule. Haikwenda Tongoni kumwambia mwanamke usizungumze hivyo jikoni kwako. Ninyi mnakwenda mpaka jikoni. Mnamwonyesha mtu wa pwani, amevaa leso zake vizuri, anachambua mchele, halafu anafungua mdomo anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mwanangu ana miaka sita, anamcheka bibi yake anavyosema. Kayatoa wapi? Mimi sijamfundisha.

Barabara ya Tisa

Hilo la mtoto kumcheka bibi ni kweli. Kwangu pia limetokea.

Mama Kaimati

Nawasoma tangu asubuhi, sasa niseme na mimi.

Naamka saa kumi alfajiri. Nakaanga kaimati, nachoma mahamri, napika mbaazi, saa moja niko barabarani na meza yangu mpaka saa nne. Mchana namuuguza mama. Jioni ndiyo saa yangu, na nawasha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Naliona jumba, naiona ile ngazi, namwona mwanamke kavaa hariri anamlilia mume. Wallahi napumua. Kuna ile ya Kichina pia, ya mke na mama wakwe zake, TBC waliirusha 2011, mtaa mzima tulikaa kwa jirani mwenye runinga. Yule msichana alikuwa Mchina, ila mama mkwe wake alikuwa mama mkwe wangu mtupu.

Sasa mnataka jioni nikae nimtazame mwanamke anayeanika dagaa? Mdogo wangu ndiye anayeanika dagaa. Nikitaka kumwona nachukua bajaji.

Chumbageni Kwetu

Mama kafunga mjadala.

Nyuzi za Mkonge

Mama, shikamoo. Hili limenichoma kuliko ile barua ya kurasa mbili.

Sikuandika ili watu waangalie umaskini. Huyo mwanamke wangu anacheka. Ana mpenzi. Anamwibia shemeji yake wateja. Kuna kipande kizima cha kigodoro, ngoma ya usiku, hakuna dagaa hata mmoja. Lakini wewe umesikia "dagaa" tu ukajua umeshaiona, na sikulaumu, kwa sababu kila mara mtu maskini anapoonyeshwa kwenye runinga huonyeshwa analia. Wametufundisha kwamba raha iko ghorofani, chini ni machozi. Nani katuambia mtu wa Deep Sea hana raha?

Mama Kaimati

Marahaba mwanangu. Sikusema hana raha. Nimesema nimechoka.

Mwanafunzi Usagara

Kuhusu ile ya Kichina aliyoitaja mama: Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Tamthilia ya mke na wakwe ikaingia hotuba ya rais! Maana yake ile haikuja kwa biashara tupu. Ilitafsiriwa kwa makusudi, ili tuwapende. Mjadala unasema "makampuni" lakini hapa kuna serikali nyuma.

Fundi Redio

Na mimi niseme la banda, kwa sababu wengi hapa ni vijana hawakuliona. Nilikuwa na banda la video Mikanjuni. Mabenchi, turubai, deki moja. Picha zilikuwa za Hong Kong, za Kihindi, za Kimarekani. Zote za makampuni makubwa, zote za biashara. Ilipokuja mikanda iliyotiwa maneno na akina Lufufu, banda lilibadilika. Jambazi wa Hong Kong akapewa jina la mtaani kwetu. Stelingi akipigwa, Lufufu anakueleza huyu deni lake lilianzia wapi, hata kama picha haikusema. Watoto wakacheka mahali ambapo mwenye filamu hakuweka kichekesho. Ile filamu ilitoka kiwandani ikiwa moja, ikafika Mikanjuni ikawa nyingine.

Sasa kisimbuzi kimeua hilo. Tafsiri inafanywa studio, sauti nzuri, midomo inalingana, na kila mtu kutoka Tanga mpaka Kigoma anasikia sentensi ile ile. Kwa hiyo ninapolilia ufanani silii kwamba picha ni ya kigeni. Nalilia kwamba mkono wetu umetolewa.

Mdau wa Mikocheni

Fundi, ile ilikuwa wizi wa kazi za watu. Hakimiliki ipo.

Fundi Redio

Banda langu lilikuwa na kiingilio cha shilingi 50 na mtoto asiye nayo aliingia kwa kufagia. Usiniite mwizi mbele za watu.

Mdau wa Mikocheni

Sikukuita mwizi. Nilisema kazi ile ilikuwa wizi.

Fundi Redio

Ni nani aliyeifanya ile kazi kama si mimi?

Mwana wa Ng'ambo

Jamani wa Tanga, mimi nawasoma kutoka Unguja na naona mnazunguka. Biashara ndiyo iliyotupa sauti. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV ilimchukua mwimbaji Siti binti Saad mpaka Bombay kurekodi. Kabla yake taarabu iliyotukuzwa ni ya Kiarabu, ya jumba la Sultani, tangu Barghash alipoleta mambo ya Misri. HMV hawakuwa na huruma na mtu. Walitaka kuwauzia Waswahili, na Mswahili alitaka Kiswahili. Kwa tamaa yao ya fedha wakarekodi mwanamke wa shamba aliyetokea Fumba kuuza vyungu. Serikali ingefanya hivyo? Wenye vyeo wangefanya?

Na Tanga msijidai sana na taarabu, mliichukua kwetu.

Chumbageni Kwetu

Tumeichukua kwenu? Nyinyi mliichukua Misri, umesema mwenyewe hapo juu!

Barabara ya Tisa

Kijana wa Ng'ambo, heshima yako, lakini hapo umegusa kidonda. Taarabu ya Tanga si ya kuazima. Nyinyi mna fidla, ganuni na udi, mnakaa kwa adabu, wimbo mmoja unamaliza chai birika zima. Sisi Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star waliojitenga nao, tulitia gitaa, tukatia besi, tukafupisha, tukaifanya watu wasimame. Shakila, mwana wa Pangani, Mungu amrehemu, alifariki 2016, sauti ile utaiweka fungu gani la Unguja? Mombasa wenyewe, kwa lebo ya Mzuri, waliwarekodi watu wa Tanga na santuri zikauzwa pwani nzima.

Mwana wa Ng'ambo

Mzee wangu, Mzuri ni lebo ya wafanyabiashara. Umenisaidia hoja.

Barabara ya Tisa

Nimekusaidia nini? Nakwambia habari ya gitaa.

Chumbageni Kwetu

Kikundi chenu cha Ikhwani Safaa tangu 1905 bado mnapiga vile vile, halafu mnasema Tanga inaiga.

Mwana wa Ng'ambo

Kupiga vile vile miaka 120 kunaitwa kuhifadhi. Nyinyi mkibadilisha kila mwaka ndiyo mmefika rusha roho, mtu anatusi jirani kwa kinanda. Na ngoma hiyo ya baikoko nayo ni ya wapi kama si kwenu? Mkiachiwa bila kampuni wala mchujo ndiyo mnatuletea baikoko.

Binti Makorora

Baikoko ilikuwa mambo ya wanawake kwa wanawake, ndani ya ua, kwenye harusi. Mtoto wa kiume hakuiona. Nani kaipeleka jukwaani Dar mbele ya wanaume wenye chupa? Mwenye ukumbi anayekata tiketi. Halafu ikifika huko mnasema Tanga hawana adabu. Hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo na hamnisikii: kitu kikitolewa ndani kwenda kuuzwa, kinabaki kipande kimoja tu, kile kinachouzika. Maneno ya baikoko, mafumbo yake, mnayajua nyinyi? Mnajua kiuno tu.

Mama Kaimati

Maneno yapo na ni mazito. Hayaandikwi hapa.

Nyuzi za Mkonge

Nairudisha mada, nawaomba. Kaka wa Ng'ambo, la Siti nimelikubali na limenisumbua usiku kucha. Ni kweli biashara ilimtoa. Lakini naona tofauti moja. HMV walimwambia Siti aimbe anavyoimba, wao wakauza. Hawakumpa karatasi ya kurasa mbili kwamba wimbo uwe na mama mkwe. Hawakujua Kiswahili, kwa hiyo hawakuweza kumrekebisha! Kutojua kwao kulimwacha huru. Wa leo wanatujua sana. Wana hesabu ya dakika gani mtazamaji wa Mwanza alibadilisha chaneli.

Mdau wa Mikocheni

Hiyo hesabu ipo, ni kweli, na ninaisoma kila Jumatatu. Mkisema naipenda mnakosea. Mimi pia niliandika, nilipokuwa kijana. Sitaki kulieleza.

Msomaji wa Kimya

Nimekuwa msambazaji mdogo wa kanda na baadaye sidii hapa Ngamiani, miaka ile ya bongo muvi. Acheni Disney. Mnakumbuka kwa nini kila filamu ilikuwa na sehemu ya 1 na ya 2? Hadithi haikuwa ndefu. Sidii mbili zinauzwa bei mara mbili. Mtu anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari dakika nne, muziki unapiga, kwa sababu msambazaji wa Kariakoo anataka dakika za kujaza sidii ya pili. Msambazaji ananunua haki zote kwa mkupuo, anataka uso anaoujua kwenye kava, nyumba, gari na machozi. Wasambazaji wenye nguvu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Ukikataliwa na hao, filamu yako inabaki kwenye droo. Ikaja stika ya kodi ya TRA 2013, sisi wadogo tukazidi kubanwa. Hakuna mzungu hapo. Ni sisi kwa sisi.

Kwa hiyo usiulize ni kampuni ya wapi. Uliza njia ya kumfikia mtazamaji iko mikononi mwa wangapi. Hata Marekani mahakama kuu iliona hivyo mwaka 1948, ikayalazimisha makampuni makubwa ya filamu yauze majumba yao ya senema, maana aliyetengeneza picha ndiye aliyekuwa na mlango. Masharti hayo yakafutwa 2020. Wakati huo milango ilishahamia kwenye simu na visimbuzi. Netflix mwezi Januari 2016 walifungua nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, na sisi tukiwemo.

Chumbageni Kwetu

Sasa wewe ulikuwa unasambaza sehemu ya 2 zenye watu wanatembea dakika nne na leo unalalamika? Nilinunua kwako pengine.

Msomaji wa Kimya

Pengine ulinunua. Nilikuwa na watoto watatu shuleni.

Mwanafunzi Usagara

Mzee Msomaji, hii ya milango ndiyo hoja kubwa kuliko zote na hakuna aliyeijibu.

Binti Makorora

Mimi bado nasubiri Mdau aombe radhi kuhusu Kiswahili.

Mdau wa Mikocheni

Dada yangu, nimeshasema namheshimu bibi yako. Nikuambie kitu cha kweli: mimi ni mtoto wa Muheza. Mama yangu anasema "n'shakula" mpaka leo. Nilipofika Dar nikachekwa chuoni miaka miwili, nikajifunza kuongea kama redio. Kwa hiyo nilipoandika kwamba maneno hayashiki niliandika nililoambiwa mimi.

Binti Makorora

Muheza! Halafu unatufanyia hivi.

Chumbageni Kwetu

Muheza sehemu gani? Tunaweza kuwa ndugu.

Barabara ya Tisa

Mdau, rudi nyumbani umsalimie mama.

Mama Kaimati

Mimi nina swali kwa huyu kijana wa tamthilia. Nilipitiwa na usingizi nikarudi nikasoma tena maneno yako ya juu kabisa. Umesema kipande cha kwanza ni usiku wa mbalamwezi na vyombo vinarudi vimejaa dagaa?

Nyuzi za Mkonge

Ndiyo mama. Mwezi juu ya maji, wanawake wanasubiri.

Mama Kaimati

Haiwezekani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, wavuvi wanalala, wanashona nyavu. Mdogo wangu siku za mbalamwezi ndiyo anakuja kwangu kukopa unga. Ulizunguka pale miezi saba hukuliona hilo?

Nyuzi za Mkonge

Mama, nimeona aibu. Usiku nilikuwa siendi. Nilikuwa nakwenda asubuhi wanapouza na kuchemsha. Mwezi niliuweka mwenyewe kwa sababu ni mzuri kwenye picha. Na kampuni walipoisoma walinirudishia kurasa mbili za marekebisho, mwezi hawakuugusa.

Mama Kaimati

Basi toa mwezi. Weka giza, na taa za wavuvi mbali kule, unazihesabu ngapi zimerudi. Hapo mwanamke anasubiri kweli, maana hajui.

Na jambo jingine. Mwanamke wa Deep Sea hatamani boti kwanza. Boti inaoza, inataka nahodha, nahodha anakuibia. Anatamani mashine ya kusukumia boti. Ukiwa na mashine unamkodishia mwenye boti, na mgao wako unaletewa mpaka ulipokaa. Mdogo wangu hilo analisema miaka mitano.

Nyuzi za Mkonge

Naweza kuja kumwona?

Mama Kaimati

Njoo meza yangu kabla ya saa nne. Nitakupeleka. Lakini mpenzi wake huyo uliyemtaja, ni mvuvi au ni mtu wa mjini?

Nyuzi za Mkonge

Ni fundi wa mashine.

Mama Kaimati

Hapo sawa. Na mama mkwe hana?

Nyuzi za Mkonge

Anaye. Lakini wanapatana.

Mama Kaimati

Wanapatana vipi? Nieleze.